Kufagia Ua si Kusukuma Taka kwa Jirani

Kuna kazi moja katika utengenezaji wa programu za kompyuta ambayo kila mtu anaidharau mpaka siku inapomkwamisha. Kazi hiyo ni kusafisha mfumo wa ujenzi. Anayeifanya hapigiwi makofi, mashindano ya ubunifu hayaitaji, na sijawahi kuona mwanafunzi akipewa alama kwa sababu ameifanya. Na wale wachache wanaoifanya, wengi wao huifanya vibaya: husafisha upande wao, wakauacha upande wa wenzao umebomoka, kisha wakatangaza kwamba nyumba nzima imekuwa safi. Insha hii inapinga mambo hayo mawili, yaani dharau na usafi wa upande mmoja. Nasema tangu mwanzo kwamba la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu linajificha ndani ya jina zuri.

Kwa kuwa wasomaji wengi wa mkusanyiko huu ni watu wa lugha na fasihi, nianze kwa kueleza jambo lenyewe. Programu huanza maisha yake ikiwa maandishi. Mtu huandika msimbo, yaani maagizo kwa lugha ambayo binadamu aliyejifunza anaweza kuisoma. Mara nyingi maandishi hayo ni lazima yageuzwe yawe faili ambayo mashine inaweza kuiendesha, yaunganishwe na maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu wengine, yajaribiwe, kisha yafungashwe. Mpangilio wa hatua hizo zote, pamoja na programu ndogo ndogo zinazozitekeleza, ndio unaoitwa mfumo wa ujenzi. Msimbo ni unga na maji. Mfumo wa ujenzi ni jiko, sufuria, mwiko na utaratibu wa kipi kianze na kipi kifuate.

Katika programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, mfumo wa ujenzi una kazi nyingine tena. Ndio mlango. Leseni inaweza kuniambia kwamba nina haki ya kubadilisha programu. Lakini nisipoweza kuijenga kwenye kompyuta niliyo nayo, haki hiyo inabaki kwenye karatasi. Kwa hiyo swali la nani anausafisha mfumo wa ujenzi, na anausafisha kwa ajili ya nani, si swali la mafundi peke yao. Linaamua nani ataingia na nani atabaki nje akichungulia dirishani.

Uchafu wenyewe ukoje? Chukua mambo madogo. Windows haitofautishi faili iitwayo Picha.png na ile iitwayo picha.png, Linux huzihesabu kuwa faili mbili. Mwanafunzi mwenye Windows anaandika herufi kubwa pasipotakiwa, na kila kitu kinakwenda vizuri mpaka anapopeleka kazi yake kwenye seva ya Linux na kuambiwa kwamba faili haipo. Mwenye Linux naye anaandika hatua za ujenzi kwa amri ambazo Windows haizijui kabisa, wala hagundui, kwa sababu kwake zinafanya kazi. Windows humaliza mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa alama moja. Kwa tofauti hiyo ya alama moja, hati ya amri iliyohifadhiwa upande mmoja inaweza kukataa kwenda upande wa pili. Kisha kuna jina la mtumiaji. Watu wengi wanapowasha kompyuta mpya huandika majina yao mawili na nafasi katikati. Hati ya ujenzi isiyoweka alama za nukuu hulikata jina hilo vipande viwili na kutafuta foda ambayo haijawahi kuwapo.

Hakuna hata moja kati ya haya lililo la ajabu, na kila moja lina dawa ya dakika chache. Tatizo huanza pale yanaporundikana kwa miaka. Kila aliyekwama ameongeza kiraka chake: kama ni Windows, fanya hivi, kama ni Mac ya zamani, fanya vile, kama maktaba fulani haipo, ruka. Aliyeandika kiraka ameondoka, mashine yake haiuzwi tena, lakini sharti limebaki. Hakuna anayethubutu kulifuta, kwa kuwa hakuna anayejua ni nani bado analitegemea. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kufuta mstari ni kazi ya sekunde. Kujua kama mstari huo unaweza kufutwa ni kazi ya watu wengi walio kwenye mashine mbalimbali, na watu hao ni lazima waulizwe.

Kiswahili chenyewe kimepita katika mlango huu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi uliojulikana kama Kilinux, na mwaka 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi za OpenOffice zikiwa kwa Kiswahili. Tunapoikumbuka kazi ile tunazungumzia istilahi, na ni haki, kwa sababu kupata maneno ya Kiswahili kwa mamia ya vitufe na menyu si mchezo. Lakini orodha ya istilahi pekee haifungui barua wala haichapishi waraka. Ili neno litokee kwenye menyu, tafsiri ilibidi iingizwe ndani ya msimbo, kisha programu nzima ijengwe. Na OpenOffice ilikuwa miongoni mwa programu huria nzito kujenga, kazi ya masaa mengi hata kwa kompyuta nzuri ya wakati ule. Mtafsiri asiyeweza kuijenga alibaki na maneno mkononi akisubiri mwenye mashine na ujuzi amfungulie.

Mwaka 2010 sehemu kubwa ya wachangiaji wa OpenOffice walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Walirithi msimbo, na pamoja nao wakarithi mfumo wa ujenzi uliohamishwa nusu. Palikuwa na zana ya zamani iitwayo dmake, palikuwa na hati ya Perl iliyoiendesha, na palikuwa na GNU Make iliyoanza kuingizwa lakini haikumalizwa. Mgeni alilazimika kupambana na zote kabla ya kubadilisha hata neno moja. Badala ya kukimbilia vitu vipya vya kuvutia peke yake, baadhi yao walikaa chini wakahamisha moduli moja baada ya nyingine. Toleo la 4.1 lilipotoka Julai 2013, uhamisho ulikuwa umekamilika na dmake imeondoka. Karibu miaka mitatu ya kazi ambayo mtumiaji wa kawaida hakuiona hata kidogo.

Tazama jinsi walivyoifanya. Tofauti za majukwaa ziliwekwa katika faili chache za pembeni, kila jukwaa na zake, na moduli zenyewe zikabaki kueleza tu kinachojengwa na kinachohitajika. Kwa hiyo moduli ilipohama, ilihama kwa Linux, kwa Windows na kwa macOS pamoja. Hakuna jukwaa lililofanywa la wenye nyumba na jingine likafanywa la wapangaji. Huo ndio usafi ninaoutetea.

Sasa niseme kuhusu usafi ninaoupinga. Mwaka jana kikundi chetu cha watu watano kilichagua mradi mmoja huria kwa ajili ya kazi ya somo. Mradi wenyewe sitautaja. Kompyuta nne kati ya tano zilikuwa na Windows. Katika wiki ya pili watunzaji wa mradi walifuta faili zote za kujengea kwenye Windows, na maelezo ya badiliko hilo yalikuwa neno moja tu: usafi. Hakukuwa na tangazo la kabla, wala swali la nani bado anazitumia, wala maelekezo ya njia mbadala. Tulimaliza siku saba na fedha za bando tukijaribu kurudi mahali tulipokuwa, na wawili kati yetu walikata tamaa wakahamia kikundi kingine. Nina hakika aliyefuta alilala usingizi mzuri usiku ule. Ua wake ulikuwa safi, na taka zilikuwa kwetu.

Wapo wanaojibu hivi: Windows yenyewe si programu huria, anayetaka kuchangia programu huria ahamie Linux, basi. Jibu hili linasikika kuwa la msimamo, lakini ni la mtu mwenye kompyuta yake peke yake. Kompyuta ninayoitumia hapa Kanombe ni ya nyumba nzima. Dada yangu huifanyia hesabu za duka, na mdogo wangu huifanyia kazi za shule. Kuniambia nifute mfumo endeshi wa familia ili nirekebishe kosa la mstari mmoja ni kumwambia mgeni ajenge kwanza nyumba mtaani kwenu ndipo aruhusiwe kupiga hodi. Wengine hushauri tutumie kompyuta pepe, yaani kuiendesha Linux ndani ya Windows. Ushauri mzuri kwa mwenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 na intaneti isiyohesabiwa. Kwa mwenye gigabaiti 4 na bando la siku, kupakua mfumo endeshi wa pili ili kuijenga programu ndogo ni dhihaka.

Tena, si kweli kwamba kulijali jukwaa la mwingine ni hisani kwa wanyonge. Mashine tofauti huona makosa tofauti. Kosa la herufi kubwa na ndogo huonekana Linux na hujificha Windows. Kosa la nafasi kwenye jina la foda huibuka Windows na hujificha kwa mwenye Linux aliyejipa jina fupi la herufi ndogo. Mradi unaojengwa sehemu moja tu haujui makosa yake. Umeyazoea tu, kama mtu anavyozoea mlango wa nyumba yake unaofunguka kwa kuinuliwa kidogo, mpaka siku anapokuja mgeni.

Sisemi kwamba kila jukwaa libebwe milele. Kila jukwaa lina gharama, na jukwaa ambalo hakuna anayelijaribu ni ahadi ya uongo hata kama faili zake bado zipo. Kuondoa ni sehemu ya usafi. Pengine ndiyo sehemu kubwa kuliko zote. Ninachodai ni utaratibu: litangazwe, watu waulizwe, njia mpya ifanye kazi kabla ya ile ya zamani kufungwa, na tarehe ya kufunga ijulikane.

Anayedhani utaratibu huo ni ndoto aitazame PostgreSQL, hifadhidata huria ambayo wengi wetu tumeigusa darasani. Kwa miaka mingi ilikuwa na njia mbili za ujenzi zilizokwenda sambamba. Kwenye Linux na jamaa zake walitumia Autoconf na Make. Kwa wanaotumia zana za Microsoft kwenye Windows kulikuwa na hati za Perl, zilizokuwa zikisoma faili za upande ule wa kwanza na kujaribu kutengeneza kitu kinacholingana nazo. Badiliko la upande mmoja liliweza kuuvunja upande wa pili bila aliyelifanya kujua. Katika toleo la 16, Septemba 2023, waliingiza mfumo mpya uitwao Meson, unaoweza kujenga kwenye majukwaa yote hayo. Hawakufuta zile hati za Perl siku hiyohiyo. Waliziacha zikae pamoja na mfumo mpya kwa toleo zima, watu wajaribu na walalamike, ndipo wakaziondoa katika toleo la 17, Septemba 2024. Autoconf na Make waliziacha, kwa kuwa bado zina watu wake. Hawakumaliza kila kitu, na hawakujidai kwamba wamemaliza.

Walijuaje kwamba mambo yanakwenda kwenye mashine ambazo wao wenyewe hawana? PostgreSQL ina kile ambacho kwa Kiswahili naweza kukiita shamba la ujenzi. Watu wa kujitolea sehemu mbalimbali hutoa mashine zao, nyingine mpya na nyingine kuukuu, zenye mifumo endeshi tofauti na aina tofauti za vichakato. Kila mashine huchukua msimbo mpya, huujenga, huujaribu, na hutuma taarifa kama imefaulu au imeshindwa. Kila mashine ina jina la mnyama. Mchangiaji akivunja kitu kwenye mfumo endeshi ambao hajawahi kuuona, mnyama fulani hulia, na yeye hupata habari. Hivyo ndivyo jukwaa linavyopata mtu wa kulisemea hata kama mtu huyo amelala.

Hapa nitakumbushwa methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukiuliza kila mtu, hutamaliza. Ni hoja ya kweli kwa kiasi fulani, na miradi imekwama kwa sababu ya mijadala isiyokwisha. Lakini methali hiyo inazungumzia wanaoshika usukani, na mimi nazungumzia wanaojua mwamba uko wapi. Nahodha abaki mmoja. Asiyemsikiliza mvuvi wa eneo hilo, ataivunja jahazi akiwa peke yake kwenye usukani.

Na sisi wa Kigali hatuna udhuru wa kusema hatujui kazi ya pamoja inavyopangwa. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka kwa umuganda kuanzia saa mbili asubuhi. Kazi imekwishatajwa: mtaro huu uzibuliwe, njia hii ifyekwe. Kila mudugudu una watu wake, na kila mtu anakuja na jembe au fagio alilo nalo. Maji ya mtaro wetu hayaelekezwi kwenye nyumba za walio bondeni, kwa kuwa walio bondeni wapo palepale na watasema. Baada ya kazi kuna mkutano, na humo mtu anaweza kusimama akaeleza kilichosahauliwa. Mambo manne, basi: kazi iliyotajwa, siku inayojulikana, kila mtaa kuwakilishwa na watu wake, na mkutano wa mwisho. Mradi wowote unaotaka kusafisha mfumo wake wa ujenzi unahitaji hayohayo manne.

Umuganda umekwishaingia kwenye kompyuta pia. Shirika la hapa Kigali liitwalo Digital Umuganda lilishirikiana na Mozilla kukusanya sauti za watu wakisoma sentensi za Kinyarwanda kwa mradi wa Common Voice, na zilipatikana zaidi ya saa 2,000. Ni kazi ya kujivunia, na ilifanyika kwa watu wengi kutoa kidogo kidogo. Basi kama tuliweza kujitokeza kutoa sauti, tunashindwa nini kujitokeza kujenga programu kwenye mashine zetu na kuandika kilichoshindikana? Tofauti ni moja tu: sauti inasikika, fagio halisikiki.

Atakayesema kwamba nakuza jambo dogo, nitampa tarehe: 29 Machi 2024. Siku hiyo mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba matoleo mawili ya xz, programu huria ndogo ya kubana faili inayopatikana kwenye kompyuta nyingi za Linux, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa na mlango wa siri. Alikuwa ameona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia. Mtu aliyeutengeneza mlango huo alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mtunzaji aliyekuwa amechoka na karibu peke yake. Aliuficha wapi? Sehemu ya hila aliificha ndani ya faili za majaribio, na ufunguo wa kuiamsha aliuweka katika mfumo wa ujenzi, kwenye faili iliyokuwamo katika vifurushi vya toleo lakini haimo katika hazina ya msimbo inayoonwa na wote. Mahali pengine, katika faili ya CMake, nukta moja iliyochomekwa ilitosha kufanya kipengele cha ulinzi kionekane hakipatikani, kikaachwa nje.

Mwizi yule hakukosea mahali. Alichagua chumba ambacho anajua hakuna anayekifagia. Maelfu ya mistari ya hati za ujenzi zisizosomeka, zilizorithiwa toka kwa watu walioondoka, ndizo zilizompa kichaka cha kujifichia. Na lazima niongeze kwamba Andres Freund huyu aliyegundua mlango wa siri ni yuleyule aliyekuwa mmoja wa watu wakuu walioingiza Meson katika PostgreSQL. Sishangai. Anayezoea kufagia huona nyayo za mgeni.

Turudi nyumbani. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004, na mwaka 2006 ulikuwa umeanza kutumika Eldoret nchini Kenya na Rwinkwavu katika mashariki ya Rwanda. Ni mojawapo ya programu chache kubwa duniani ambazo Afrika Mashariki ilikuwa mezani tangu mwanzo. Umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. Java hupunguza matatizo ya majukwaa, kwa kuwa faili ileile huenda kwenye Windows na Linux, haiyafuti. Mfumo umegawanyika katika moduli nyingi zinazotegemeana kwa namba za matoleo, na Maven hupakua maktaba kutoka intaneti wakati wa kujenga kwa mara ya kwanza. Sasa kumbuka jambo hili: tarehe 15 Januari 2020 hifadhi kuu ya Maven iliacha kupokea maombi kwa HTTP isiyo na ulinzi. Ilikuwa imetangaza mapema, kama inavyopaswa. Lakini mradi wowote wa Java, popote duniani, uliokuwa umeacha anwani ya zamani kwenye faili zake uliamka siku hiyo haujengeki. Fikiria kwamba mradi huo ni wa zahanati, na kuna kosa kwenye fomu ya dawa linalohitaji kurekebishwa wiki hii. Kosa lenyewe ni la mstari mmoja. Kinachomzuia fundi ni mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na katika programu ufa huo huonekana siku ambayo huna muda wa kujenga ukuta.

Kwa hiyo nina madai, nami nayaelekeza kwa wenye majina ya kazi zao.

Kwa wanafunzi wenzangu wa kompyuta: kabla kikundi hakijaongeza kitu kipya kwenye mradi, kiujenge kwanza kwenye kila mashine iliyomo kikundini, na kiandike kilichoshindikana. Orodha hiyo ni mchango halisi. Ipelekeni kwa watunzaji kama mnavyopeleka msimbo. Na mkifuta kitu, andikeni nani mliyemuuliza. Neno "usafi" peke yake si maelezo.

Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili: msidhani hili haliwahusu. Maelekezo ya ujenzi ni maandishi. Yana msomaji, yana mpangilio, na mara nyingi yameandikwa vibaya na mtu anayedhani kila msomaji yuko mahali alipo yeye. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, lakini ukitafuta maelekezo ya kujenga programu kwa Kiswahili utatafuta sana. Wengine wetu tunasema kujenga, wengine kuunda, wengine kukusanya. Kaeni na watu wa kompyuta, kubalianeni neno, kisha fuateni maelekezo hatua kwa hatua kwenye mashine zenu kama wasomaji wa kweli. Pale mtakapokwama ndipo penye kazi.

Kwa wahadhiri wetu, kwa heshima zote: mnachokipa alama ndicho tunachokifanya. Mkiendelea kupima mradi kwa wingi wa vipengele, tutaendelea kuwapa vipengele vinavyofanya kazi kwenye kompyuta moja, siku moja, mbele yenu. Wekeni sharti kwamba mradi wa kikundi usipokee alama kamili mpaka mtu wa kikundi kingine aujenge kwenye jukwaa tofauti kwa kufuata maelekezo tu, bila kumpigia simu mwenyewe. Toeni alama kwa mistari iliyoondolewa kwa hoja, si kwa iliyoongezwa tu.

Na kwa idara: kwenye vyumba vya kuhifadhia vifaa vyuoni kwetu hazikosekani kompyuta kuukuu zinazongoja kuandikwa kuwa mbovu. Moja itolewe, iunganishwe na umeme na intaneti, iombewe nafasi katika shamba la ujenzi la PostgreSQL. Wanafunzi wawili kila muhula wapewe jukumu la kuiangalia na kufuatilia inapoliripoti kosa. Haitagharimu kama maabara mpya, na watu wa mbali ambao hawajui Kanombe iko wapi watalazimika kusikia pale badiliko lao linapoivunja mashine yetu. Jina la mnyama tutapewa. Kazi ya kuhakikisha analia kwa wakati ni yetu.